Ufunguo Shingoni mwa Binti

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi wa afya ya akili, Bukavu, Kongo.

SWALI

Mama mpendwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Kadutu. Nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Baba yao yuko Shabunda kwenye machimbo, anarudi mara mbili kwa mwaka. Kijana wangu mkubwa ana miaka 18. Mwaka juzi alianza kuzungumza peke yake usiku, akaacha masomo, akawa anasema majirani wanasikia mawazo yake kupitia ukuta. Tulizunguka vyumba vya maombi miezi saba. Mwishowe kaka yangu alishikilia tumpeleke Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili. Walimlaza, wakatuambia ni skizofrenia. Sasa yuko nyumbani, anachomwa sindano kila mwezi. Ametulia, ingawa hasemi sana, mikono inatetemeka na mate yanamtoka.

Swali langu si juu yake. Ni juu ya dada yake wa miaka 13. Huyu ni mzima, namshukuru Mungu, na ananisaidia sana. Mimi natoka saa 11 alfajiri. Yeye anampa yaya yake, yaani huyo kaka yake mkubwa, chai, anampeleka mdogo wao wa miaka 6 kwa jirani, halafu anafunga mlango na kwenda shuleni na ufunguo, ameuvaa shingoni kwa kamba chini ya shati. Saa 7 mchana anarudi kumfungulia. Jioni anaficha visu. Hajawahi kulalamika.

Lakini tangu Pasaka amebadilika. Mwalimu ameniita mara mbili, anasema binti analala darasani. Rafiki zake hawaji tena nyumbani. Nikimsemesha ananijibu kwa mkato. Siku moja aliniuliza, "Mama, na mimi nitakuwa hivyo?" Nikamwambia ashindwe, asiseme hivyo tena. Hajaniuliza tena. Wiki iliyopita yaya yake alimwaga sufuria ya maharagwe, binti akampigia kelele, "Afadhali ungekufa!" Nikampiga kofi. Kisha tukalia wote wawili.

Nisisahau hili: kwenye chumba cha maombi cha mwisho, pasta alisema ugonjwa umepitia kwa mtu wa nyumba hii, akamtazama binti yangu. Mimi sikuamini. Lakini yeye alisikia.

Nifanye nini ili awe kama zamani?

Mama wa Kadutu

JIBU

Mama mwenzangu,

Nimekaa na barua yako siku nne. Naanza na lile uliloliweka mwisho, maana ndilo zito kuliko yote.

Mtoto wa miaka 13 akitazamwa hivyo mbele ya watu, atajitetea vipi? Hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwamba yeye si mlozi. Anarudi nyumbani, usiku ukifika anaanza kupekua moyo wake: siku ile nilimkasirikia yaya kwa sababu ya kipande cha nyama, siku ile niliomba aondoke nipate kulala. Anakuta hatia pale ambapo hakuna hatia. Wewe unaniandikia kwamba hukuamini, nami nakusadiki, lakini barua yako haisemi kama ulimwambia yeye. Kutoamini kwako kumebaki tumboni mwako. Alichokiona binti ni pasta anamtazama na mama amenyamaza.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Leo jioni, mkiwa wawili tu, mwambie: "Nilisikia alichosema yule pasta. Ni uongo. Ningepaswa kusimama palepale nikushike mkono tutoke. Si wewe uliyemfanya yaya augue, si mimi, si mtu yeyote wa nyumba hii." Umwambie hivyo hata kama atakujibu kwa mkato, hata kama atakupa mgongo. Atakuwa amesikia. Na kama kuna shangazi au jirani anayelirudia neno hilo uani kwako, mjulishe kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Nimewaona watoto wazima kabisa wakifukuzwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa ndugu yao. Mara nyingi ilianza kwa jicho kama lile la pasta wako.

Sasa kamba. Unaandika juu yake kama kitu cha kawaida, na ninaelewa, kwa sababu lazima utoke saa 11 na sambaza haziningojei mimi wala wewe. Lakini hebu mfuate binti yako darasani. Kozi ni ya hesabu. Ufunguo uko kifuani, wa baridi, kisha unapata joto la mwili. Unakaa Kadutu, mama. Unajua nyumba za mbao zilivyobanana pale na unajua moto ukishika nyumba moja unavyokwenda. Yaya yake yuko ndani na ufunguo uko hapa. Kila king'ora, kila kelele ya barabarani, mtoto huyu anafikiria mlango. Usiku ndiye anayesikiliza kama yaya ameamka. Mwalimu anasema analala darasani. Mimi nadhani ni mahali pekee ambapo kuna mtu mzima aliye macho badala yake.

Uvue ufunguo huo shingoni mwake. Najua utaniuliza, nani abaki na kijana? Siku ya sindano muulize muuguzi wa Sosame swali hili wazi: je, mwanangu bado anahitaji kufungiwa? Kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba ametulia na sindano haikatiki, mimi sioni sababu, ila wanaomwona ndio watakaosema. Wagonjwa wengi wanaotibiwa vizuri hawana hatari kwa mtu. Huenda akaweza kukubebea beseni hadi sokoni na kukaa karibu nawe hata saa mbili. Na usisahau kumtajia muuguzi yale mate na kutetemeka: hayo mara nyingi yanatokana na dawa, na kipimo kinaweza kupunguzwa au akaongezewa dawa ya kuyatuliza. Usiikate sindano wewe mwenyewe. Mpaka hapo, kama mlango lazima ufungwe, ufunguo ushikwe na mtu mzima aliye karibu na mlango, yule jirani anayebaki na mdogo wao, au kaka yako. Visu ufiche wewe.

Binti abaki na kazi moja tu siku mambo yakiharibika: amshike mdogo wake mkono, wakimbilie nyumba mliyokubaliana. Kumshika yaya, kumbembeleza, kumzuia mlangoni, hizo si kazi zake. Mwonyeshe nyumba hiyo, mwenye nyumba ajue, na namba ya simu ya mjomba iandikwe ndani ya jalada la daftari.

Hapa naomba nikuambie jambo langu mwenyewe.

Nilikulia Bagira. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 11, na yaya wangu, dada yangu mkubwa, msichana mrembo kuliko sisi wote, alikuwa ameanza kuugua. Nyumbani tulifundishwa jibu moja: mtu akiuliza, yuko Kaziba kwa bibi. Jioni moja nilikuwa kwenye bomba na bidoni, dumu la maji, kwenye mstari, pamoja na wasichana wa darasa langu. Yaya akatokea amevaa gaguro tu, ananiita kwa jina, anacheka. Mmoja akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Simjui." Alinisikia. Alisimama kidogo, kisha akainama, akaichukua bidoni yangu iliyokuwa imejaa, akaiweka kichwani, akapanda nayo hadi nyumbani. Njia nzima alikuwa anazungumza peke yake. Mimi nilimfuata mita 20 nyuma, mikono mitupu, watu wasijue kwamba tunatoka nyumba moja.

Yaya alifariki nikiwa masomoni. Sikumwomba radhi. Jambo hilo sikumwambia mtu mpaka nilipokuwa na watoto wangu. Wazazi wangu hawakuwa wabaya. Walinipenda, na walinishukuru kila siku kwa kuwa mimi sina shida. Ndiyo sababu neno lako "hajawahi kulalamika" limenishika koo. Na mimi sikuwahi kulalamika.

Basi lile swali lake, "na mimi nitakuwa hivyo?", lirudishe wewe, maana yeye hatalirudisha. Mwambie, "Siku ile uliniuliza kitu nikakukaripia. Niliogopa. Sasa naweza kukujibu." Jibu lenyewe ni hili. Katika watu 100 wa kawaida, karibu 1 hupata skizofrenia maishani. Kwa mwenye ndugu wa baba na mama mmoja anayeugua, wanakuwa kama 9 au 10 katika 100. Wewe unauza sambaza: hesabu 100, zipange juu ya ungo, mwambie atoe 10. Mwache aangalie zilizobaki mpaka atosheke. Usimwapie kwamba haiwezekani kabisa, kwa sababu siku moja atasoma mahali kwingine na hatakuamini tena. Mwambie pia kwamba bangi inaongeza hatari, na kwake yeye zaidi kuliko kwa rafiki zake, kwa hiyo hiyo aikatae moja kwa moja. Na mwambie kwamba ugonjwa huu hauletwi na hasira ya mtu wala na mawazo mabaya ya ndugu. Akianza kuona mambo yasiyoeleweka kichwani mwake, siku yoyote, aje kwako na hutamkaripia.

Yule mdogo wa miaka 6 hataki hesabu hizo. Anataka kujua kwa nini yaya anatetemeka na kama yeye naye ataambukizwa. "Yaya anaugua kichwani, dawa inamtetemesha, hauambukizi." Inatosha. Na ukimwona anamwiga anavyotembea, usimpige. Ndivyo mtoto wa umri ule anavyouliza.

Nakuja kwenye maharagwe. "Afadhali ungekufa." Ni neno baya, nalo lilikuuma wewe uliyewazaa wote wawili. Lakini nimewasikia ndugu wengi wa wagonjwa, wakubwa kwa wadogo, na karibu wote wamewahi kulifikiria, wengine kila wiki. Wanampenda mgonjwa na wamemchoka, yote mawili kwa pamoja. Huyu mtoto alipika maharagwe yale baada ya shule, baada ya ufunguo, kabla ya visu. Ukimwambia "yeye ni mgonjwa, wewe ni mzima, vumilia," unamwambia kwamba katika nyumba hii hasira yake haina mahali pa kukaa. Mwache aseme amechoka. Mwambie, "Na mimi siku nyingine nachoka naye." Usimruhusu amtukane yaya yake usoni, hapana, lakini awe na mtu wa kumwambia pembeni.

Na umwombe radhi kwa lile kofi. Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Fanya hivyo hata hivyo. Mimi mama yangu aliniomba radhi mara moja katika maisha yake, na bado nakumbuka kitenge alichokuwa amevaa.

Saa moja kwa wiki iwe yake. Saa moja tu, siku hiyohiyo kila wiki, hata ukiuza kidogo. Mshuke pamoja hadi Nyawera, au mkae tu nyuma ya nyumba ukimsuka nywele. Usiitumie kumuuliza juu ya masomo wala juu ya yaya. Mwanzoni atanyamaza. Wiki ya tatu au ya nne ataanza kusema, labda juu ya mwimbaji fulani au msichana fulani wa darasani, na wewe utaona si kitu. Msikilize kama vile anakuhesabia pesa.

Siku ya sindano, mara moja, nenda naye. Kabla ya hapo mwambie aandike maswali yake matatu kwenye karatasi, ampe muuguzi mwenyewe bila wewe kuyasoma. Katika miaka yangu ya kazi nimepokea karatasi kama hizo. Moja iliuliza, "Je, yaya anajua kwamba mimi nampenda?" Nyingine iliuliza kama inaruhusiwa kumcheka akifanya jambo la kuchekesha. Inaruhusiwa, mradi mcheke pamoja naye.

Kitu kingine ambacho kingemsaidia ni kukutana na mwenzake. Huko Seattle, Marekani, mwaka 1982, Don Meyer alianza kuwakusanya watoto ambao ndugu zao wana ulemavu na shida nyingine kubwa. Wanacheza, wanakula, na katikati ya mchezo wanazungumza. Nilipolisoma jambo hilo nikasema hili linahitaji nini tusichokuwa nacho? Tulijaribu na watoto watano, Jumamosi, uani kwangu. Karata, sambaza na ndizi. Nusu saa ya kwanza hakuna aliyetaja nyumbani kwao. Halafu mvulana mmoja, akiwa anagawa karata, akasema kwao kijiko tu ndicho kinachokaa jikoni usiku. Msichana aliyekuwa mbele yake akaweka karata zake chini. "Kumbe na kwenu visu vinafichwa?" Mpaka leo wawili hao ni marafiki. Muulize muuguzi wako kama anajua familia nyingine Kadutu yenye mtoto wa umri wa binti yako. Wawili wanatosha.

Unataka awe kama zamani. Hatakuwa, mama, kwanza kwa sababu ana miaka 13. Usingizi ukirudi, rafiki mmoja akirudi mlangoni, hilo ndilo la kutazama. Lakini ukiona wiki mbili zinapita halali, hali chakula, au anasema hataki kuishi, au anajikata, huyo naye apelekwe aonwe upesi kama ulivyompeleka kaka yake, na usipitie tena kwenye chumba cha maombi kwanza.

SWALI LA PILI

Mama, mimi ni kijana wa miaka 24, naandika kutoka Katuba, Lubumbashi. Dada yangu mdogo ana ugonjwa wa akili kwa miaka mitano sasa. Nimepata kazi Kolwezi. Wazazi wanasema nikienda nimemtupa, kwa sababu wao wanazeeka na mimi ndiye nitakayembeba. Nina mchumba pia, na hajui lolote juu ya dada yangu. Nifanye nini?

JIBU

Mwanangu, nenda Kolwezi.

Mtu asiye na kazi hawezi kumnunulia dada yake dawa. Lakini usiondoke kwa ugomvi wala kwa kutoroka. Itisha kikao, wawepo wazazi, mjomba mmoja na shangazi mmoja, na useme kwa sauti utakachofanya: kila mwezi natuma pesa za dawa, kiasi hiki, Jumapili napiga simu na nazungumza naye mwenyewe, si juu yake; na akilazwa, nakuja. Sema tu yale utakayoyatimiza. Kisha na wao waseme yao. Mara nyingi familia inamtwika mtoto mmoja mzigo kwa sababu hakuna aliyewahi kuketi kuugawa. Na kabla ya kuondoka nenda na baba yako hadi kituo cha Dokta Joseph Guislain, au popote anapotibiwa, ili ajue nani wa kumwona na lini wewe usipokuwepo. Wasomaji wa Goma wanaoniuliza jambo hilihili, kwenu kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu.

Swali la wazazi wakifariki itakuwaje, uliulize sasa wakiwa wazima. Watakasirika kidogo. Waulize hata hivyo: nyumba itabaki ya nani, dada atalala wapi, nani atashika karatasi zake za hospitali.

Mchumba wako ajue kabla ya mahari, na ajue kutoka kinywani mwako. Mimi nilijua siku nyingi kusema "simjui", na najua linavyofuata mtu. Usimweleze kwa simu. Mlete nyumbani siku ambayo dada yako yuko vizuri, umwambie dada mapema kwamba kuna mgeni anakuja kwa ajili yake pia, apate kuvaa anachopenda. Mle bukari (ugali) pamoja, sahani moja, na uketi katikati yao.